Usiku Subukia Ilipopasuka

Januari 1928 ni mwezi uliotunzwa vizuri katika kalenda za dunia. Tarehe 5, siku moja, Zulfikar Ali Bhutto alizaliwa Larkana, Sindh, na Walter Mondale akazaliwa Ceylon, kijiji kidogo cha Minnesota. Wa kwanza aliiongoza Pakistan hadi alipopinduliwa na kunyongwa. Wa pili akawa makamu wa rais wa Marekani. Tarehe 11 Uingereza ilimpoteza Thomas Hardy, mwandishi wa riwaya na mashairi. Katikati ya mwezi Leon Trotsky alitolewa Moscow kwa nguvu na kupelekwa uhamishoni Alma-Ata. Tarehe 23 alizaliwa Jeanne Moreau, aliyekuja kuwa mwigizaji mkubwa wa filamu za Ufaransa, na tarehe 25 Eduard Shevardnadze katika kijiji cha Georgia. Tarehe 29 akafariki Douglas Haig, aliyeyaongoza majeshi ya Uingereza huko Ufaransa katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Katikati ya orodha hiyo kuna Ijumaa ambayo watunga kalenda huipita. Ni tarehe 6. Usiku wa siku hiyo, katika bonde la Subukia, kaskazini-mashariki mwa Nakuru, ardhi ilipasuka chini ya ukingo wa Laikipia kwa urefu wa kilomita zipatazo 38. Tangu mitambo ya kupimia matetemeko ianze kutumika, hakuna tetemeko kubwa kuliko hilo lililopimwa katika ardhi ya Kenya. Wanasayansi walilipa ukubwa wa 6.9. Watoto wengi wa Nakuru humaliza shule bila kulisikia likitajwa, na hilo linaniuma, kwa sababu bonde lenyewe liko pale pale na watu wake wameongezeka.

Nitausimulia usiku huo kwa saa zake. Lakini saa zenyewe zataka maelezo. Mwanzoni mwa 1928 saa rasmi ya Kenya ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, si tatu kama leo. Kwa hiyo kila saa nitakayoitaja ni ya ukutani ya wakati ule. Anayetaka kuifananisha na simu yake ya leo aongeze nusu saa.

Saa kumi na mbili na robo, jioni

Jua linazama nyuma ya milima ya magharibi. Januari ni kiangazi katika Bonde la Ufa: nyasi zimekauka, vumbi liko njiani, na upepo wa jioni hushuka baridi kutoka nyanda za Laikipia. Mwezi umekwisha kuchomoza upande wa mashariki, umebakiza saa chache tu utimie. Waislamu wako katikati ya Rajabu ya mwaka 1346. Kwa walio chini kabisa ya genge la Laikipia mwezi huchelewa, maana lazima kwanza uupande ukingo ule mrefu kabla ya kuwamulika.

Ni nani walioko chini ya ukingo huo? Miaka 30 kabla yake jibu lingekuwa Wamaasai na ng'ombe wao. Mkataba wa 1904 uliwaondoa bondeni na kuwasukuma, wengine kwenda Laikipia na wengine kusini. Kati ya 1911 na 1913 wale wa Laikipia nao wakaondolewa. Baada ya vita, mashamba yakakatwa na kugawiwa masetla, wengi wao askari waliotoka vitani. Subukia na Solai zikawa nchi ya mahindi na kahawa, na mikono ya kulima ikawa ya maskwota: Wakikuyu waliopanda kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri, Wakalenjin, na wengine. Sheria ya 1918, iliyotengenezwa upya mwaka 1925, ilimtaka skwota amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili apate ruhusa ya kukaa, kulima kipande chake na kufuga. Mwanamume alivaa shingoni kipande, yaani kitambulisho chake cha kazi, kikiwa ndani ya kikebe cha chuma.

Naomba msomaji azishike nyumba zao akilini, kwa kuwa usiku huu ni habari ya nyumba. Skwota hakuwa na ardhi, hivyo hakuwa na sababu ya kujenga kitu cha kudumu. Alijenga kwa fito, udongo na nyasi, nyumba ambayo angeweza kuiacha siku mkataba ukikatika. Setla naye, huko juu zaidi ya mita 1,800 ambako usiku huwa na baridi kali, alijitahidi kujenga kwa mawe au matofali kadiri mkopo wa benki ulivyoruhusu, na kila nyumba ya namna hiyo ilikuwa na dohani nzito ya mawe juu ya meko ya sebuleni.

Saa mbili hadi saa tatu, usiku

Hakuna jambo. Nakuru, mji uliozaliwa na reli iliyofika hapo mwaka 1900, unamaliza wiki yake. Mji huu ndio makao ya chama cha wakulima wa Kizungu, KFA, na ndio soko lao. Bondeni, mtaa wa Waswahili na Waafrika wengine wa mjini, watu wamekwisha kula. Upande wa pili wa bonde, Kuriengwo katika Sacho ya Baringo, amelala mtoto wa Kitugen wa miaka mitatu aitwaye Toroitich. Dunia itamjua baadaye kama Daniel arap Moi, na makazi yake ya uzeeni yatakuwa Kabarak, mwendo mfupi kutoka Nakuru.

Mbali sana, London, ndiyo kwanza ofisi zinafungwa, na kuna maji yanayojikusanya. Krismasi iliyopita theluji nzito iliiangukia Uingereza. Karibu na mwaka mpya ikayeyuka, mvua ikaongeza, na mto Thames ukajaa kutoka juu. Sasa kuna dhoruba katika Bahari ya Kaskazini inayosukuma maji kuelekea kwenye mdomo wa mto huo. Na mwezi ni ule ule unaopanda juu ya ukingo wa Laikipia. Watu wa Mombasa na Lamu hawahitaji kufundishwa hili: mwezi ukitimia, maji ni ya bamvua.

Saa nne na dakika mbili, usiku

Kwa saa za Greenwich ni saa moja na dakika 32 za jioni. Hapo ndipo mwamba ulipoachia.

Bonde la Ufa ni mahali ambapo Afrika inavutwa pande mbili. Mvuto huo ni wa milimita chache kwa mwaka, lakini haulali. Chukua mkeka, watu wawili waushike huku na huku na kuuvuta: utalegea katikati, kisha nyuzi za pembeni zitaanza kukatika moja moja. Kuta za bonde, Mau upande mmoja, Nyandarua na Laikipia upande mwingine, ni hizo nyuzi za pembeni. Kila ukingo ni kumbukumbu ya mamia ya matetemeko yaliyotangulia, na kila tetemeko liliishusha sakafu ya bonde kidogo zaidi. John Walter Gregory, Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1893 na kulitangaza bonde hili kwa wanajiolojia wa Ulaya, aliliona hilo kwa macho: kwamba hii si kazi ya mto uliochimba njia yake, ni nchi iliyokatika na kuzama. Alichoeleza yeye kwa kuangalia mawe, usiku huu kilitendeka chini ya vitanda vya watu.

Ufa uliofunguka unafuata mguu wa ukingo wa Laikipia na Marmanet. Mpasuko wa aina hii hukimbia ndani ya mwamba kwa kasi ya kilomita mbili hadi tatu kwa kila sekunde. Kilomita 38, basi, ni kazi ya sekunde 20 au pungufu. Katika muda ambao mtu hutumia kutafuta kiberiti gizani, upande wa magharibi, ule wa bondeni, uliachana na upande wa mlima na kushuka. Mahali uliposhuka zaidi, tofauti ilizidi mita mbili.

Aliye karibu na ufa hapati onyo. Mawimbi ya kwanza, yale yanayosukuma kutoka chini kwenda juu, hufika na ngurumo. Mawimbi ya pili, yale yanayoyumbisha nyumba huku na huku, huyafuata baada ya sekunde moja au mbili tu. Mtu wa Nakuru mjini alipata sekunde chache zaidi. Nairobi, kilomita zipatazo 150 kutoka hapo, iliutambua mtikisiko baada ya muda uliotosha mtu kusimama na kujiuliza ni nini.

Sasa zitazame zile nyumba. Dohani ya mawe ni mnara mzito, mwembamba, usiofungwa kwa chochote isipokuwa chokaa na saruji. Ardhi inapokwenda upande mmoja ghafla, mguu wa dohani hufuata na kichwa chake hubaki nyuma. Ukuta wa matofali usio na chuma ndani yake hufanya hivyo hivyo: hautaki kupinda, na kisichotaka kupinda huvunjika. Nyumba ya fito na nyasi hupinda. Udongo hubanduka ukutani, vumbi la paa huanguka, vyungu hugongana na pengine moto wa mekoni hutawanyika, jambo la hatari kwelikweli katika nyumba ya nyasi wakati wa kiangazi. Lakini paa la nyasi likimwangukia mtu, huweza kutoka chini yake akiwa hai.

Hapo ndipo usiku wa Subukia unaponishangaza kila ninapoufikiria. Sheria ilimnyima skwota ardhi, na kwa kumnyima ardhi ilimnyima nyumba ya mawe, na usiku ule ukosefu huo huo ukawa ngao yake. Sisemi hivyo ili kuisifu sheria ile. Ilikuwa dhuluma, na watu wa Bonde la Ufa waliilipa kwa vizazi. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu wajukuu wa maskwota hao leo wanalala ndani ya kuta za mawe.

Saa nne na dakika 12, usiku

Dakika kumi zimepita. Mawimbi ya Subukia yameshuka ndani ya dunia, yamepinda na kuibuka tena Ulaya. London, ambako ni saa moja na dakika 42 za jioni, yamepita chini ya mitaa bila mtu kuyahisi. Kalamu za mitambo ya kupimia matetemeko ndizo zilizoyasikia, zikaanza kuchora mistari mikali juu ya karatasi inayozunguka. Aliyeitazama karatasi ile alijua kwamba kuna ardhi iliyovunjika mahali fulani mbali. Kwa kulinganisha saa za vituo kadhaa angeweza kukisia ni upande gani wa dunia. Wakati huo wenyeji wa Subukia walikuwa wangali nje, wakihesabu watoto.

Kipimo alichokitunga Charles Richter hakikuwapo bado. Kilichapishwa mwaka 1935. Tarakimu ya 6.9 tunayoitaja leo ilipatikana baadaye, kwa wataalamu kuzirudia karatasi hizo na kuzisoma upya pamoja na habari zilizoachwa na watu waliokuwepo. Kwa hiyo ukubwa wa tetemeko la Subukia tumeupata kwa wachora mistari wa mbali zaidi kuliko kwa wakazi wake. Wakazi wa bonde walioulizwa na kuandikwa walikuwa wachache, na waliandikwa kwa lugha ya wenye dohani.

Saa tano hadi saa tisa, usiku

Ardhi iliyokatika haitulii mara moja. Vipande vya mwamba vilivyosogea vinatafuta mahali pa kukaa, na kila vinapokaa vinatikisa tena. Usiku ule, na kwa siku nyingi baadaye, mitikisiko midogo ilifuata mmoja baada ya mwingine. Aliyewahi kupitia jambo hili hatasahau ubaya wake: pigo la kwanza humkuta mtu hajui, lakini la pili na la tatu humkuta akilisubiri. Mtu haamini sakafu. Haamini ukuta. Hurudi ndani kuchukua blanketi na kutoka mbio.

Kwa bahati kulikuwa na mwezi. Kufikia saa tano ulikuwa juu kabisa, na katika msimu wa kiangazi huangaza hadi kivuli cha mtu kionekane ardhini. Mtu aliyetoka nje angeweza kuona waliokuwa pamoja naye na mifugo iliyokuwa ikihangaika zizini. Angeweza pia kuutazama ukingo wa Laikipia, mweusi dhidi ya anga, asijue kwamba ulikuwa umekua mrefu zaidi kwa urefu wa mtu mzima tangu jua lizame.

Saa kumi, alfajiri

London ni saa saba na nusu za usiku, na maji yamefika.

Bamvua la mwezi, theluji iliyoyeyuka na dhoruba ya Bahari ya Kaskazini vilikutana katikati ya mji. Thames ikapanda kuliko ilivyowahi kupimwa, ikafurika juu ya kingo zake, na hapo Millbank, karibu na daraja la Lambeth, ukuta wa mto ukabomoka. Maji yakamwagika mitaani kwa nguvu. Handaki la kale la ngome ya Tower of London, lililokuwa kavu kwa miaka mingi, likajaa. Yakaingia Westminster, yakaingia katika vyumba vya chini vya jumba la sanaa la Tate na kuharibu picha kwa mamia. Watu 14 walikufa, na wapatao 4,000 walibaki bila makao.

Tazama walikokufa. Wengi wao walikuwa watu maskini waliopanga vyumba vya chini ya usawa wa barabara, ambako kodi ni nafuu na dirisha linatazama miguu ya wapita njia. Maji yalipoingia, mlango haukufunguka kwa uzito wake. Miongoni mwao walikuwamo ndugu wanne wa kike wa nyumba moja.

Usiku mmoja, mwezi mmoja, na himaya moja: mji mkuu wake umezama na koloni lake limepasuka. Mwezi haukuleta tetemeko kama ulivyoleta bamvua. Mambo hayo mawili yalikutana kwenye kalenda tu. Lakini siwezi kuyatenganisha. London umaskini ulimshusha mtu katika chumba cha chini, na chumba kikamuua. Subukia umaskini ulimweka mtu chini ya nyasi, na nyasi zikamsamehe. Kote kuwili aliyelala hakuichagua nyumba yake.

Mji wa Nakuru una mtaa uitwao London hadi leo. Wakazi wake wangestahili kuijua habari hii ya jina lao.

Saa kumi na mbili na dakika chache, asubuhi ya Jumamosi

Mwanga ukauonyesha ufa. Kwa kilomita nyingi, chini ya ukingo, nchi ilikuwa imekatwa ngazi. Njia ya ng'ombe iliyokuwa tambarare jana yake ilifika mahali ikakoma mbele ya ukuta mpya wa udongo, na kuendelea juu yake. Penginepo ilikuwa ngazi ya kupanda kwa hatua moja, penginepo ya kumzidi mtu kimo. Udongo wa ndani, ambao haujawahi kuona jua, ulikuwa na rangi yake mbichi. Nyumba za mawe zilizokuwa karibu zilibaki na kuta zenye nyufa na dohani zilizovunjika.

Habari zilisafiri kwa simu kutoka Nakuru hadi Nairobi na kwingineko. Lakini magazeti ya London ya siku hizo yalikuwa na maji yao wenyewe ya kuandika, na wafu wao wenyewe wa kuzika. Siwalaumu. Nani angeacha maiti mlangoni pake akaandike juu ya bonde la mbali? Ndivyo tetemeko kubwa kuliko yote ya Kenya lilivyojificha nyuma ya mafuriko ya mto wa watu wengine.

Siku zilizofuata

Jumanne, tarehe 10, ardhi ilipiga tena kwa nguvu. Pigo hilo lilikuwa kubwa kuliko mitikisiko mingine yote iliyofuata lile la kwanza, na waliokuwa wamerudi kulala ndani wakatoka tena. Siku iliyofuata ndiyo aliyofariki Hardy.

Mambo ya nchi yaliendelea. Tume ya Hilton Young, iliyoundwa mwishoni mwa 1927, ilikuwa ikizunguka Afrika Mashariki katika miezi hiyo ya mwanzo wa 1928, ikiuliza kama Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Masetla wa Bonde la Ufa walikuwa na matumaini makubwa nayo. Waafrika walikuwa na hofu kubwa zaidi, na Kikuyu Central Association ilikuwa ikijiandaa kusema. Katika mwaka huo huo Jomo Kenyatta akawa katibu wake mkuu. Swali lilikuwa ardhi: ni ya nani, na kwa mamlaka ya nani. Ajabu kwamba katika miezi ile ile ardhi yenyewe ilikuwa imesogea, na katika mabishano yale ya kisiasa tukio hilo halikupata nafasi.

Mwaka 1929 alifika Bailey Willis, mwanajiolojia wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Stanford, mzee wa miaka 70 na zaidi, aliyekuja kuyachunguza mabonde ya ufa ya Afrika Mashariki. Kwa mtu kama yeye Subukia ilikuwa zawadi: ngazi ya ufa ikingali mbichi, ikionyesha jinsi bonde linavyotengenezwa. Alichapisha kazi yake mwaka 1936. Tangu hapo wataalamu wa matetemeko wamerudi Subukia mara kwa mara kwenye maandishi yao. Kwao ni jina kubwa.

Sasa

Barabara ya lami kutoka Nakuru kwenda Nyahururu inashuka Subukia na kupanda ukingo wa Laikipia. Kila siku matatu hulivuka eneo la ufa zikiwa zimejaa abiria. Mahujaji Wakatoliki hupanda kilimani kwenye madhabahu ya kitaifa ya Bikira Maria na kuchota maji ya chemchemi. Mashamba ya masetla yaligawanywa baada ya uhuru, na pale palipokuwa na nyumba moja ya mawe na vibanda vingi vya nyasi, sasa pana nyumba za mawe kila upande, shule, zahanati na maduka. Ni maendeleo, na watu wameyapata kwa jasho. Jiwe la machimbo ya Bonde la Ufa ni zuri, rahisi kuchonga na lenye bei nafuu. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, inapanda ghorofa juu ya ghorofa.

Jumamosi ya Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Kwa nguvu iliyoachiliwa, lile la Subukia lilikuwa takriban mara 30 ya hilo. Bukoba walikufa watu zaidi ya 15, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba za matofali zikabomoka au kupasuka. Nilipozitazama picha za Bukoba, kuta zilizolala kifudifudi na mabati juu yake, nilikuwa naitazama Subukia ya leo ikipatwa na yale ya 1928.

Tiba yake si siri wala si ya matajiri peke yao. Ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha. Ni nguzo za pembeni zilizofungwa kwenye mkanda huo, paa lililoshikwa vizuri na ukuta, saruji isiyopunjwa, na jengo kukaa mbali na mstari wa ufa wenyewe. Fundi anayeujua mkanda huo yuko katika kila mji mdogo wa bonde. Anachokosa ni mteja aliyeambiwa kwa nini aulipie.

Na kuambiwa ndiko tunakokosa. Usiku wa Mei 9, 2018 bwawa la shamba la Patel lilipasuka huko Solai, bonde jirani na Subukia, na maji yakawachukua watu wasiopungua 47, wengi wao watoto na wanawake. Lilikuwa jambo la ukuta wa udongo na maji, si la ufa. Lakini ni watu wa nchi ile ile, wamelala usiku chini ya kitu kizito ambacho hawakuambiwa habari zake. London, baada ya wafu wake 14, iliinua kingo za mto. Baada ya mafuriko mengine ya 1953 ikaamua kujenga lango la chuma kuvuka Thames, likazinduliwa rasmi mwaka 1984. Huko orodha ya majina ya waliokufa ilitumika kama hoja. Subukia haikuacha orodha ya namna hiyo, na bila orodha hakuna aliyeona haja ya kujenga chochote.

Januari 6, 2028 itatimia miaka mia moja. Itakuwa Alhamisi. Ningependa kaunti isisubiri wageni waje kuadhimisha. Yapo mambo ya kufanya kabla ya siku hiyo, na hayahitaji fedha nyingi: kuupima mstari wa ufa na kuuweka bayana kwenye ramani za ardhi, ili mnunuzi wa ploti auone kabla ya kulipa, kuzikagua shule zote kutoka Solai hadi chini ya Marmanet na kuzifunga mikanda zile zisizo nayo, kuwatafuta wazee wa Subukia, Bahati, Rongai na Mogotio ambao baba na bibi zao waliwasimulia usiku ule, na kuyaandika maneno yao kwa Kikuyu, Kitugen na Kiswahili kabla hawajaondoka nayo. Watoto wafundishwe kujikunyata chini ya dawati, na kutoka nje kwa utaratibu mtikisiko ukiisha. Zoezi hilo lifanywe mchana. Na watakaotaka kukesha usiku wenyewe wasikusanyike saa nne kamili kwa kudhani ndiyo saa ya tetemeko. Kwa saa za leo ni saa nne na dakika 32.